Katibu na Koti la Studio

Tulimwita Katibu, na tuliendelea kumwita hivyo miaka mingi baada ya chama chenyewe kufa. Watoto waliozaliwa wakati ghala la chama limeshakuwa duka la saruji na mabati nao walimwita Katibu, bila kujua alikuwa katibu wa nini. Mimi nilijua. Nilijua mengi juu yake, ila lile moja nililopaswa kulijua mapema nililijua mwishoni, nikiwa nimeshazeeka. Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kutosha kuona aibu. Wapo wanaoondoka kabla aibu yao haijawafikia.

Nitaandika zaidi juu ya kazi yake ya kunakili picha za zamani za watu, kwa sababu ndiyo iliyotukutanisha na ndiyo iliyotutenganisha. Hapa Bariadi, mtu huyu alikubali kuitwa mpoteza mali za watu mbele ya waumini wenzake, ili baba yangu asichekwe. Aliyemwita hivyo ni mimi.

Ukienda kwake na picha, hukuingia nayo moja kwa moja. Nje ya mlango palikuwa na beseni, kipande cha sabuni ya mche na taulo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeruhusiwa kulitumia kwa jambo lingine.

"Mikono, Mwinjilisti."

"Nimenawa nyumbani, Katibu."

"Umeshika baiskeli njiani. Picha haijui kwamba wewe ni mtumishi."

Nikanawa. Alikuwa akisubiri mpaka vidole vikauke kabisa, na akikuona unafuta mikono kwenye suruali alikurudisha kwenye beseni. Kisha aliipokea picha kwa kuishika kingo, kama mama anavyopokea mtoto mchanga ambaye hajakaza shingo, na kuilaza juu ya kitambaa. Akimaliza kazi aliifunga kwa karatasi ya kaki, akiikunja mara mbili upande mmoja na kuichomeka ncha ndani yake, bila gundi wala utepe. "Gundi ni mchwa mwingine," alisema. Kila mtu mjini aliijua mikunjo yake. Ukiona bahasha ya namna ile kwenye meza ya mtu, ulijua Katibu amepita.

Lakini kabati lake mwenyewe lilikuwa aibu tupu. Picha ya harusi yake ilikuwa imegandamana na kioo cha fremu, nusu ya uso wa marehemu mkewe ikiwa imebaki kwenye kioo na nusu kwenye karatasi. Nilimuuliza kwa nini anahangaikia picha za watu na yake anaiacha hivyo. Akasema, "Yule namkumbuka bila mashine." Sikujua kama ni jibu au ni kukwepa. Mambo mengi kwake yalikuwa hivyo.

Kazi hii aliianza ukubwani, baada ya soko huria kumnyang'anya ofisi. Wanunuzi binafsi walipokuja na malori na mizani yao, wakulima waliwakimbilia, na chama chetu cha msingi cha wakulima wa pamba kikafa kama taa inayoishiwa mafuta. Katibu aliwachukia wanunuzi wale kwa moyo wote. Alisema wanapima pamba kama mtu anayepima jirani yake kaburi. Lakini ni kampuni moja ya wanunuzi haohao iliyokuwa ikibadilisha vifaa vya ofisi, na karani wao akamuuzia kompyuta ya mtumba pamoja na mashine ya kuskani, kwa bei ya kuitupa. Katibu aliibeba mashine ile kwa baiskeli, imefungwa ndani ya blanketi, na tangu siku hiyo akaiita "mtoto wa adui".

"Mtoto wa adui hajaamka leo," alisema umeme ukikatika. Au, "Mtoto wa adui ana homa," ikiwa imekwama katikati ya picha.

Nani alimfundisha? Hakuna. Alijifunza kwa kukosea, na makosa yake aliyasimulia mwenyewe, jambo ambalo sisi watu wa mimbari hatuliwezi. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Aliziingiza picha zote kwa udogo, ili zienee kwenye disketi, akajisifu kwamba amemaliza mtaa mzima. Siku alipojaribu kuikuza sura ya mzee mmoja, macho yakawa viraba viraba kama sakafu ya vigae. Kesho yake alianza upya, akarudi nyumba kwa nyumba kuomba picha zilezile mara ya pili, akisema mlangoni, "Niliwachukua bila macho. Naomba niwachukue tena."

Kosa la pili lilimuuma zaidi. Mama mmoja mjane alimletea picha ya mumewe, ina doa kwenye shavu. Katibu alikuwa amejifunza kufuta madoa kwa kompyuta, akalifuta vizuri sana, akamchapishia. Mama akaitazama, akaiweka mezani.

"Huyu nani?"

"Mzee wako, mayu."

"Mzee wangu alipigwa pembe na ng'ombe akiwa kijana. Kovu lake liko wapi?"

Toka siku hiyo akawa na sheria ambayo hakuivunja: picha kama ilivyoingia haiguswi. Ukitaka kusafisha, safisha nakala, na ya kwanza iache na madoa yake. "Hujui doa lipi ni uchafu na lipi ni mtu," alisema. Nililitumia neno hilo katika mahubiri, nikapongezwa. Sikusema limetoka kwa nani.

Sheria nyingine ilikuwa ya kuhifadhi. Kila alichokuwa nacho alikiweka mahali patatu: kwenye kompyuta yake, kwenye CD ndani ya kopo la biskuti katika ofisi ya mchungaji, na kwenye CD nyingine kwa binti yake, aliyeolewa Maswa, mtaa wa Binza. Tulimcheka. Tulimwambia hata benki haina hofu kama yake. Akajibu, "Moto hauchomi nyumba tatu kwa siku moja. Na ukizichoma, basi Mungu hataki picha."

Katika kugawa picha ndipo alipokuwa na ukarimu ambao hukuutegemea kwa mtu aliyekata kijiti cha kiberiti mara mbili ili kiberiti kisiishe. Kila familia aliyoichukulia picha aliipa CD yake, bure, imeandikwa jina la ukoo kwa mwandiko wa ofisini. Wengi hawakuwa na kitu cha kuichezea. Walifurahia kung'aa kwake. Siku moja alipita Lalago kwa baiskeli, akakuta CD zake zimefungwa kamba juu ya mpunga, zinazunguka na upepo na kutupa mwanga huku na huku. Aliporudi nilimuuliza safari ilikuwaje.

"Nimekuta ukoo mzima unaning'inia shambani, unafukuza ndege."

"Hukukasirika?"

"Nikasirike nini? Angalau wanafanya kazi. Wajukuu wao wamelala."

Ndipo alipoona kwamba kumpa mtu picha asiyoweza kuiona si kumpa kitu, akaanza kufikiria namna ya kuzionyesha kwa pamoja. Nitafika huko. Miguu yangu ni mizito kufika huko.

Kwanza niseme alivyokuwa kanisani. Alikaa karibu na mlango, benchi la mwisho, na wimbo ukianza hakufungua kinywa. Alisema sauti yake haikupewa kwa ajili hiyo. Alikuja mapema kuliko wote na kuondoka kabla ya salamu za nje, kwa sababu salamu za nje ndizo zilizokuwa na maneno. Siku za makabidhiano ya chama, mizani kubwa ya ghala ilipotea. Nani aliichukua, hakuna ajuaye mpaka leo. Lakini funguo zilikuwa kwa watu kadhaa na jina lilikuwa la mmoja. "Katibu alikuwepo," watu walisema, na baada ya hapo hawakuona haja ya kuongeza kitu. Hakuwahi kujitetea. Alipita njia ya nyuma ya soko ili asipite mbele ya ghala lile, na mimi, niliyejua kwamba anazunguka, sikuwahi kumwambia hata mara moja kwamba simshuku. Ukweli ni kwamba nilikuwa namshuku kidogo. Kidogo cha mtumishi wa Mungu, kinachojificha chini ya Bwana asifiwe.

Sasa habari ya baba yangu.

Sebuleni kwangu, mkabala na mlango, ilining'inia picha yake kubwa, ya rangi. Alikuwa amesimama, anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, amevaa koti la bluu na tai. Mama aliituma picha ndogo Mwanza, kwa watu waliokuwa wakikuza picha na kuzipaka rangi kwa mkono, ikarudi hivyo. Mama aliniambia baba alikuwa karani wa pamba. Alifariki nikiwa mdogo, sikuwa na jingine la kushika. Nililishika hilo. Nililipeleka mimbarini: "Nina baba aliyevaa koti la ofisi, na bado alipiga magoti chini." Watu walisema amina. Nilipopokea wageni niliwaketisha upande wa pili ili waione.

Katibu alikuja kuiazima mwenyewe, na kitambaa safi mkononi. Alikaa nayo siku kadhaa. Alipoirudisha aliitundika kwa mikono yake, akarudi nyuma, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mwinjilisti, koti hili lilikuwa la rangi hii?"

"Bluu. Karani wa pamba, Katibu. Wewe mtu wa chama unajua makarani walivyovaa."

"Najua." Akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza alishika kikombe tu. "Nilikuwa nafikiri, picha hii ningekuonyesha wewe kwanza, peke yako, pale kwangu. Kwenye kompyuta mtu anaonekana vingine."

"Ya nini kunionyesha peke yangu? Onyesha kila mtu. Sina la kuficha."

"Sawa," akasema. Akarudisha kikombe kwa mke wangu, akashukuru kwa maji kama vile amelishwa.

Siku aliyoichagua ilikuwa ya shukrani ya mavuno. Baada ya ibada, watu walibaki. Mwenye banda la video alituazima televisheni na deki, tukafunika madirisha kwa vitenge na mablanketi, na Katibu akakaa pembeni na rimoti kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

Picha zikaanza kupita. Wazee wa mitaa yetu, mmoja mmoja, katika rangi nyeusi na nyeupe, waliopigwa katika studio ya zamani iliyokuwa karibu na soko. Mwanzoni mtu alilia kidogo kwa kumwona mama yake. Kisha kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

"Jamani, koti hili si ndilo la yule aliyepita?"

Tukaangalia. Kola ya kulia ilikuwa imeungua na pasi, alama yenye ncha. Picha iliyofuata, alama ileile. Mzee mwingine, mnene, koti limemkataa kufunga, alama ileile. Mwingine, mwembamba, mikono imepotelea ndani, alama ileile. Ikawa wazi kwamba mwenye studio alikuwa na koti moja kwenye msumari, na kila mwanamume wa Bariadi aliyetaka kuonekana mtu alilivaa, akapigwa, akalivua, akaenda zake. Picha zilikaa kila moja nyumbani kwake miaka yote ile, na kila nyumba iliamini kwamba babu yao alikuwa na koti.

Kicheko kilichotokea sijakisikia tena kanisani. Mwenye duka la dawa, ambaye babake alikuwa ndiye yule mnene, alicheka kuliko wote.

"Limerudi! Limerudi tena!"

"Leo limempata babu yao Kulwa, tazameni!"

"Koti hili limefunga ndoa nyingi kuliko mchungaji!"

Mchungaji mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa tai yake. Watu waliinuka na kukumbatiana, "Kumbe sisi ndugu, baba zetu walivaa nguo moja." Aibu yao ilikuwa imegawanywa kwa wote, ikawa nyepesi, ikawa furaha. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti ya mtu ambaye babake ana koti lake mwenyewe, la bluu, lenye kola nzima. Nilisimama nikasema, "Kumbe Bariadi nzima ilikuwa na koti moja!"

Mama mmoja mzee aliyekaa kando yangu alinivuta mkono. "Cheka taratibu, ng'wanawane, mwanangu."

Nilidhani anatetea heshima ya nyumba ya Mungu. Niliona pia kwamba wazee kadhaa wa mstari wetu walikuwa wameinamisha vichwa, nikadhani wanasali.

Picha zikaisha. Ya baba yangu haikutoka. Vitenge viliposhushwa madirishani na watu wakaanza kula chakula nilichokiombea, nilimfuata Katibu, aliyekuwa anakusanya nyaya, na nilimfuata mbele za watu kwa sababu nilitaka watu wajue kwamba ilikuwepo picha bora kuliko zote hizo.

"Na baba yangu?"

Hakuinua kichwa. "Mashine ilikataa, Mwinjilisti. Picha yake imeharibika mle ndani."

"Za wote zimetoka. Ya kwangu ndiyo iharibike?"

"Nisamehe."

"Wewe si ndiye wa mahali patatu? Wewe si ndiye wa moto hauchomi nyumba tatu?"

"Nisamehe, Mwinjilisti."

Ndipo nikasema. Kinywa hikihiki kilichotoka kuomba baraka ya chakula. "Ulitupotezea mizani ya chama, na sasa umempoteza na baba yangu."

Vijiko viliacha kugonga sahani. Katibu aliendelea kuzungusha waya kati ya kiganja na kiwiko, polepole, mpaka ukaisha, akaufunga fundo.

"Ndiyo, Mwinjilisti," akasema. "Nisamehe."

Neno la mtumishi haliangukii mchangani. Kabla ya mwaka kwisha nyumba kadhaa zilikuwa zimetuma watoto kumwambia Katibu asizihesabu tena katika kazi yake. Watu walisema, kama mwinjilisti mwenyewe amesema, basi ile mizani nayo ni kweli. Benchi la mwisho likabaki wazi Jumapili moja, kisha nyingine. Nikasikia amehamia Maswa kwa binti yake na mashine zake. Nilimwombea. Ndiyo, nilimwombea, kwamba Mungu amsamehe uzembe wake. Nikikumbuka maombi yale natamani yawe hayakufika.

Miaka ilipita. Msimu mmoja wa mvua bati letu lilivuja juu ya ukuta ule, nikaishusha fremu ili kuikausha. Nyuma yake palikuwa na ubao mwembamba, nikautoa. Kati ya ubao na picha ya rangi palikuwa na kifurushi kidogo cha karatasi ya kaki, kimekunjwa mara mbili upande mmoja na ncha imechomekwa ndani, bila gundi.

Nilinawa mikono kabla ya kukifungua. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye sabuni.

Ndani ilikuwa picha ndogo, ile ambayo mama aliituma Mwanza. Mafundi wa rangi walikuwa wameirudisha nyuma ya fremu, na mama hakusema, au hakujua. Katibu aliikuta alipoifungua fremu kuiskani, akaifunga, akairudisha ilipokuwa. Baba yangu alikuwa mzima humo, toka kichwani hadi miguuni. Koti lilikuwa la kijivu, na kola ya kulia ilikuwa imeungua, alama yenye ncha. Chini ya koti palikuwa na kaptula iliyochanika goti. Miguuni, makatambuga ya tairi, na vumbi mpaka kwenye ugoko. Kwenye pembe ya chini, mahali ambapo mpiga picha alidhani hapataonekana, ilikuwa imelazwa fimbo ya kuchungia.

Mke wangu alikuja na ndoo ya kukinga maji, akatazama juu ya bega langu, akaiweka ndoo chini.

"Umeiona," akasema.

"Ulijua?"

"Mama mkwe aliniambia kabla hajafa. Baba alikuwa anachunga ng'ombe za watu, huko Lalago. Wazee wote wanajua, Baba Eliya. Siku ile ya koti wote walijua."

"Mbona hukuniambia?"

Alifikiri kidogo, bila ukali wowote. "Ungehubiri nini?"

Nilikaa chini ya tone la bati. Niliwaona tena wale wazee walioinamisha vichwa. Walikuwa hawasali. Walikuwa wananionea haya, mimi niliyesimama katikati yao nikilicheka koti la baba yangu. Na pembeni mtu mmoja ameshika rimoti, ameiruka picha moja, anajua atakachoambiwa, na amekwisha kukubali.

Nilikwenda Maswa kwa basi la asubuhi. Nyumba ya binti yake huko Binza haikunipa taabu, kila mtu alimjua mzee wa picha. Binti alikuwa kibarazani na biashara yake ya sabuni na madaftari. Aliponitambua uso wake ulifungwa kama duka.

"Shikamoo," akasema, kwa sababu ya malezi.

"Marahaba, mwanangu. Mzee yupo?"

"Yupo. Hali yake si ya kugombezwa."

Aliniacha nipite. Katibu alikuwa chumba cha mbele, amekonda, macho yana ukungu, mbele ya kompyuta mpya kuliko ile niliyoijua. Mtoto wa adui alikuwa kando yake, amefunikwa kitambaa cha kudarizi.

"Mwadila, Katibu."

"Mwadila, Mwinjilisti." Akageuka taratibu. Hakushangaa, wala hakunipokea kwa ubaridi. "Karibu kiti. Umepata basi zuri?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Sikuyatumia. Nilitoa kifurushi mfukoni, nikakiweka mezani mbele yake. Alikigusa kwa kidole, akaitambua mikunjo yake, akatulia.

"Bati limevuja?" akauliza.

"Limevuja."

"Nilijua ipo siku. Nilitaka kukitoa, lakini si changu."

"Katibu, nimekuja kukuomba msamaha, na nimekuja kukuomba uiweke picha hii pamoja na nyingine. Iende kwenye CD za watu wote. Nitasimama kanisani niseme kwa nini haikuwepo."

Alitikisa kichwa. "Usifanye haraka. Wale siku ile walicheka pamoja, na anayecheka pamoja na wenzake haumii. Wewe ukiitoa leo utachekwa peke yako. Koti limeshapita, Mwinjilisti. Wenzako walishalivua."

"Najua."

"Na mimi nimeshazoea. Hapa hawanijui kwa mizani, wananijua kwa picha."

"Najua, Katibu. Iweke."

Alinitazama kwa macho yale yenye ukungu, akitafuta kama kuna kiburi humo. Pengine kilikuwepo. Kisha akavuta kibodi, akaifungua picha. Hakuhitaji kuiskani, alikuwa nayo muda wote, mahali patatu. Baba yangu akajaa kwenye kioo, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa ukutani kwangu, na niliona kwamba alikuwa ameshika pumzi, kama kijana anayeogopa kuchafua nguo ya mtu.

Binti aliingia na chai, kikombe kimoja, cha baba yake. Akasimama. Nafikiri aliona kola, kwa sababu alikua na picha zile.

"Huyu sijawahi kumwona. Ni nani?"

Katibu alikuwa ameuelekeza uso dirishani, kama mtu anavyofanya mwenzake anapobadili nguo.

"Ni baba yangu," nikasema. "Alikuwa anachunga ng'ombe za watu. Koti si lake, mwanangu, ni la studio. Lake ni hiyo fimbo pale chini. Baba yako aliificha picha hii ili nisichekwe, na mimi nikamwita mwizi wa mizani mbele ya kanisa. Unayajua niliyosema. Hukujua kwa nini hakunijibu."

Chai ilikuwa bado mkononi mwake. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akamtazama tena baba yake.

"Miaka yote hii, baba, umetuambia mashine iliharibika."

"Iliharibika kweli," akasema Katibu, bila kugeuka kutoka dirishani. "Ila ilipona siku ileile."